Ajali Ina Kinga

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Morogoro, huenda umepata kuyaona maneno yaliyopakwa rangi nyuma ya lori: "Ajali haina kinga." Ni usemi wa watu wazima, nao hutumika zaidi kuwafariji wafiwa kuliko kupamba malori. Mimi niliusikia ukisemwa msibani mwaka 1987, nikiwa nimesimama uani pa nyumba moja mjini Dodoma. Tangu siku ile sijausikia tena bila kuinamisha kichwa. Leo ni Jumapili, na wengi wetu tumeketi nyumbani pamoja na jamaa zetu. Naomba nikueleze kwa nini.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka 26, karani wa usafirishaji katika shirika moja la umma ambalo sitalitaja. Tulikuwa na magari sita: Land Rover nne na malori mawili. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la safari, kugawa mafuta, kuandika hati za safari na kumpangia kila dereva gari lake. Ilikuwa kazi ndogo machoni pa wengi, na mshahara wake ulikuwa mdogo vile vile. Hata hivyo, hakuna gari lililoweza kupita langoni bila saini yangu. Mkurugenzi mwenyewe alipotaka gari, ilibidi karatasi yake ipite mezani kwangu.

Ukutani, juu ya meza hiyo, ilitundikwa picha ya Hayati Edward Moringe Sokoine. Wasomaji wa umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu huyo alikuwa akirejea Dar es Salaam kutoka Dodoma, baada ya kikao cha Bunge. Gari lake liligongana na gari jingine lililotoka upande wa pili, katika eneo la Dakawa mkoani Morogoro, naye akafariki dunia. Mwalimu Julius Nyerere alilitangazia taifa habari hizo kwa redio, na nchi nzima ikazizima kwa majonzi.

Sisi nasi tulimlilia. Lakini nikitazama nyuma naona kwamba tulimlilia kiongozi, wala hatukujiuliza neno lolote juu ya safari zetu wenyewe. Safari ile ilikuwa ya kazi, kwa gari la kazi. Ikiwa barabara iliweza kumchukua Waziri Mkuu akiwa kazini, ingeshindwaje kumchukua bwana shamba, mkaguzi wa hesabu au utingo? Swali hilo hatukuliuliza. Picha tuliitundika, na chini ya picha hiyo hiyo mimi nikaendelea kutia saini hati za safari kama mtu anayegonga mihuri kwenye bahasha.

Basi ikafika Julai 1987, majira ya vumbi na upepo. Dereva wetu mmoja, mtu wa makamo, mpole, ambaye sote tulimwita "mzee" kwa heshima, aliondoka Dodoma saa 12 asubuhi kupeleka vifaa Singida, akarudi siku hiyo hiyo saa 4 usiku. Nilikuwa nikimngoja langoni na karatasi nyingine mkononi. Ilisema kwamba kesho yake, saa 11 alfajiri, awachukue maofisa watatu kwenda Kondoa, na arudi nao siku hiyo hiyo, kwa maana keshokutwa gari lilihitajika kwa safari ya Dar es Salaam.

Aliisoma ile karatasi chini ya taa ya lango, akasema, "Mwanangu, hakuna mwingine?"

Nikamjibu, "Mzee, mwingine hayupo. Na hii ni amri kutoka juu."

Msomaji, mwingine alikuwapo. Alikuwapo dereva aliyekuwa amekaa siku mbili bila safari. Lakini huyo alikuwa mkali wa maneno, na kumwamsha usiku ule kungeniletea ugomvi. Yule mzee hakuwa mgomvi. Nilimpa safari kwa sababu alikuwa mtu mwema asiyejua kukataa, na mimi nilikuwa nataka kwenda kulala.

Barabara ya Kondoa enzi hizo haikuwa na lami. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, miaka 31 baadaye. Siku zile gari lilikwenda likitetemeka juu ya matuta ya changarawe, likipita kwenye makorongo makavu yaliyojaa mchanga, na vumbi likaingia hadi kwenye kope. Kazi ya Kondoa ilichelewa kumalizika. Walianza kurudi giza likiwa limekwisha kuingia. Ilipokuwa saa 5 usiku, kaskazini ya Makutupora, zikiwa zimebaki kama kilomita 30 wafike nyumbani, Land Rover iliacha njia taratibu, bila breki kushikwa, ikaenda kuupiga mbuyu. Bwana shamba aliyeketi mbele, kushoto kwa dereva, alikufa pale pale. Aliacha mke na watoto watatu. Waliokuwa nyuma waliumia. Dereva alivunjika mguu.

Msibani, mzee mmoja wa ukoo alisimama akawashukuru waliofika, akamalizia kwa kusema kuwa ajali haina kinga. Wote tukaitikia kwa kutikisa vichwa. Mimi nilitikisa kwa nguvu kuliko wengine.

Ofisini iliundwa kamati ya uchunguzi ya watu watatu, ikaketi siku mbili. Iliuliza kama dereva alikunywa pombe. Hakunywa. Iliuliza kama breki zilikuwa nzima. Zilikuwa nzima. Iliuliza kama kulikuwa na mnyama barabarani. Hakuwapo. Basi taarifa ikaandikwa: "Chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva." Hakuna mjumbe hata mmoja aliyeomba kuliona daftari la safari. Lilikuwa ndani ya droo yangu, chini ya mkono wangu. Sikulitoa. Mzee yule alifukuzwa kazi akiwa bado anatembelea magongo.

Hivyo ajali moja ilipata maelezo mawili. Msibani ilisemwa kuwa haina kinga. Ofisini ilisemwa kuwa ni uzembe wa dereva. Maneno hayo yanapingana, lakini faida yake ni moja: yote mawili yanamwondoa machoni yule aliyeiandika safari.

Sasa hebu tulifungue daftari lile pamoja, maana kamati haikulifungua. Siku ya kwanza mzee alikuwa kazini tangu saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku: saa 16. Kisha alikuwa na nafasi ya saa 7, na katika hizo alitakiwa kujaza mafuta, kuegesha gari, kwenda kwa miguu hadi nyumbani kwake Chang'ombe, kula, kuoga, kulala, kuamka na kurudi. Tukisema alilala saa 4 tumemkadiria vizuri. Siku ya pili alikuwa kazini tangu saa 11 alfajiri hadi saa 5 usiku: saa 18. Jumla ni saa 34 za kazi katika muda wa saa 41.

Wakati huo tayari ulimwengu ulikuwa umekwisha kuandika kanuni juu ya jambo hili. Mkataba Namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1979, unasema kwamba dereva asiendeshe mfululizo zaidi ya saa 4 bila kupumzika, jumla ya uendeshaji wake isizidi saa 9 kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 za mapumziko yasiyokatizwa kila siku. Mimi sikuwa nimeusikia mkataba huo. Lakini je, nilihitaji mkataba kujua kwamba binadamu hulala?

Baadaye, mwaka 1997, watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Waliona kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya makosa sawa na mtu mwenye pombe ya kiasi cha asilimia 0.05 katika damu yake, na akifikisha saa 24 bila kulala huwa kama mwenye asilimia 0.10. Kwa maneno mengine, kamati yetu ilipouliza kama dereva alikuwa amelewa, iliuliza swali jema. Haikujua tu kwamba kuna ulevi usiotoka kwenye chupa, ambao hutoka kwenye hati ya safari.

Tufanye hesabu nyingine ndogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 4 tu, muda wa kuvuta pumzi moja ndefu, gari limekwenda karibu mita 90, yaani urefu unaokaribia uwanja wa mpira, bila mtu kulishika. Usingizi wa namna hiyo haubishi hodi. Dereva mwenyewe mara nyingi hajui kama ulipita.

Nilikutana naye tena mwaka 1994, katika soko la Majengo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akiuza nyanya na vitunguu, mguu mmoja ameunyosha mbele. Nilitaka kupita mbali, lakini alikwisha kuniona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kipande cha gogo nikakalia. Tuliongea habari za mvua na za watoto. Hatimaye nilimwambia kwa shida kwamba usiku ule dereva mwingine alikuwapo.

Alinyamaza kidogo akizipanga nyanya zake. Kisha akasema, bila hasira, "Nilijua. Mimi nilikuwa nimelala, mwanangu. Wewe ulikuwa macho."

Sikupata neno la kumjibu, na hadi leo sijalipata. Shirika letu lilikuwa limekwisha kuvunjwa wakati huo, kama mashirika mengi ya miaka ile, na hapakuwa na ofisi ambako ningeweza kulipeleka lile daftari na kusema, "Futeni neno uzembe, au liandikeni mbele ya jina langu." Nilichoweza kufanya ni kubadili namna ya kufanya kazi. Nilihudumu katika idara za usafirishaji za ofisi mbalimbali hadi nilipostaafu mwaka 2021. Yale niliyojifunza nayaweka mbele yako, kwa sababu huenda nawe, au mkeo, au mumeo, au mwanao, anapanda gari la kazi kesho asubuhi.

Jambo la kwanza ni kuuliza kama safari yenyewe ina lazima. Gari lililobaki limeegeshwa halimgongi mtu. Wengi wetu katika ofisi tulizoea kupima usalama kuanzia pale gari linapotoka langoni, kumbe hatua iliyo bora kuliko zote ni kutotoka kabisa pale ambapo barua au simu inatosha, au kuziunganisha safari tatu ziwe moja. Tangu Serikali ilipotangaza mwezi Julai 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, magari ya ofisi katika barabara ya kwenda Dar es Salaam, ambayo ni kama kilomita 450, yaliongezeka mno. Lakini tarehe 1 Agosti 2024 ilizinduliwa rasmi safari ya treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa reli mpya ya kisasa. Ofisa anayekwenda kikaoni peke yake na mkoba mmoja ana sababu gani ya kutoa dereva na gari kwa siku mbili, ikiwa treni inaweza kumfikisha naye akisoma makabrasha yake? Sisemi kwamba reli haina hatari. Sisi wa Dodoma hatuwezi kuisahau tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo kati ya Igandu na Msagali, wakafa watu 281. Kila chombo kinadai uangalizi wake. Ila chombo kilicho salama zaidi kwa safari husika ndicho kichaguliwe, si kile kinachompa mkubwa heshima.

Jambo la pili ni saa ya kuondoka. Barabara yetu kuu katika uwanda huu wa kati, kwa sehemu kubwa, inaelekea mashariki na magharibi. Anayetoka Dodoma alfajiri kwenda Morogoro hupigwa na jua la asubuhi usoni; anayerudi alasiri hupigwa na jua la jioni usoni vile vile. Jioni ndiyo saa ya mifugo kurudi zizini, kuanzia Bahi hadi Kongwa, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Usiku kuna matrekta na mikokoteni isiyo na taa, na malori yaliyoharibika yaliyowekewa matawi ya miti badala ya alama. Hakuna katika hayo lisilojulikana. Basi anayepanga kikao Dar es Salaam saa 2 asubuhi, huku akijua kwamba mjumbe yuko Dodoma, ndiye aliyemwamuru dereva asafiri usiku, hata kama hakutamka neno usiku.

Jambo la tatu ni usingizi wa dereva, na hapa naomba tuambizane ukweli bila kuoneana haya. Mara ngapi umeona maofisa wakilala hotelini huku dereva akijikunja ndani ya gari, eti analinda? Na mara ngapi dereva mwenyewe amependelea hivyo, ili posho ya kujikimu abaki nayo apeleke nyumbani? Simlaumu, ada za shule hazilipwi kwa usingizi. Lakini ofisi inayojua jambo hilo na kulinyamazia imemlipa dereva wake ili asilale. Katika ofisi yangu ya mwisho tulifanya hivi: malazi ya dereva yalilipwa na ofisi moja kwa moja, chumba kikiwa mbali na kelele, na fedha ya chakula akapewa mkononi. Aidha hati ya safari iliongezwa mistari miwili: saa aliyomaliza kazi jana, na saa anayoanza leo. Tofauti ikiwa chini ya saa 10, hati haikutiwa saini, hata awe nani aliyeiomba. Mwanzoni nilitukanwa. Baadaye wakubwa walizoea kuagiza gari mapema.

Jambo la nne ni gari. Katika miaka ya 1980 tairi na vipuri vilikuwa adimu, nasi tulikuwa mabingwa wa kuunga-unga. Ugumu ule ulitufundisha uhodari, lakini ulituachia pia tabia mbaya ya kuamini kwamba gari likiwaka basi ni zima. Kila gari la kazi lapasa kuwa na daftari la ubovu, dereva aandike anachokiona, na fundi aandike alichokitengeneza. Daftari hilo halina maana hata kidogo kama dereva anayeandika "breki inavuta kushoto" anaambiwa aende hivyo hivyo. Fundi akisema gari lisitoke, lisitoke. Neno la fundi juu ya breki lazima liwe kubwa kuliko neno la mkurugenzi, kwa kuwa breki haijui cheo.

Jambo la tano ni mwendo, na hili linawahusu zaidi wanaoketi kiti cha nyuma. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Dereva wa ofisi anaijua sheria hiyo. Anachokijua zaidi ni sauti ya mkubwa inayosema, "Kanyaga mafuta, tumechelewa." Hebu tupime faida ya amri hiyo. Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa utatumia saa 3 na dakika 15. Kwa wastani wa kilomita 100 utatumia saa 2 na dakika 36. Umeokoa dakika 39, ambazo utazimaliza ukinywa chai. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Hiyo ndiyo bei ya kikombe kile cha chai.

Jambo la sita ni namna watu na mizigo wanavyokaa. Mkanda wa usalama hupunguza takriban kwa nusu hatari ya kufa kwa aliyeketi mbele. Bwana shamba wetu hakuwa ameufunga. Ulikuwa umening'inia karibu na bega lake, umejaa vumbi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuufunga. Na lori la mizigo ni la mizigo. Wafanyakazi wanaorundikwa nyuma ya lori juu ya mifuko ya saruji, majembe na mapipa ya mafuta, ili kupunguza gharama ya basi, wamegeuzwa shehena, na lori likipinduka hawatakuwa na cha kushika.

Hapo ndugu zangu wa nyumbani nanyi mnaingia. Nani kati yetu hajamwagiza mtu wa safari alete gunia la viazi kutoka Gairo au mkaa kutoka njiani? Nani hajapiga simu mara tatu kuuliza, "Mmefika wapi? Leo mtalala huku au huko?" Tunafanya hivyo kwa upendo. Lakini gunia lililowekwa nyuma ya kiti bila kufungwa huruka kama jiwe la kombeo gari linaposimama ghafla, na simu ile inamkuta dereva ameshika usukani kwa mkono mmoja. Mke wa dereva anayewatuliza watoto mchana ili mumewe aliyeingia usiku apate kulala anafanya kazi ya usalama barabarani, ingawa halipwi wala hatajwi. Na mume anayesafirishwa na ofisi akiambiwa na mkewe, "Muulize dereva wako amelala saa ngapi," asidharau. Ni swali ambalo mimi, niliyekuwa nikilipwa kuliuliza, sikuliuliza.

Jambo la mwisho ni namna tunavyochunguza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni. Kila mmoja wao alikuwa na chanzo kinachoonekana: tairi, usingizi, mwendo, kona. Lakini ofisi yenye busara haikomi kwenye chanzo cha mwisho. Huuliza: nani aliamua safari? Nani alipanga saa? Dereva alikuwa na nafasi ya kukataa bila kuadhibiwa? Je, wiki iliyopita kuna mwingine aliyesinzia akanusurika, naye akaogopa kusema? Anayenusurika akisema bila kuadhibiwa, ofisi imepata somo bila jeneza. Akiadhibiwa, wenzake wote watafunga midomo, na somo litakuja kwa njia nyingine.

Wala hili si suala la hisani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake kazini, na kwa mtu anayeshinda barabarani, mahali pake pa kazi ni barabara. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kuwalipa wanaoumia kazini na wategemezi wa wanaokufa. Ni jambo jema, na kila familia inapaswa kulijua na kudai haki yake. Lakini fidia huja baada ya mazishi. Kinga ndiyo inayokuja kabla.

Mzee yule wa nyanya amekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari la safari la mwaka 1987 ninalo hadi leo ndani ya sanduku langu la nguo. Nilipoondoka shirikani nililibeba, kwa kuwa sikuthubutu kuliacha wala kulichoma. Kurasa zake zimekuwa za kahawia, lakini saini yangu bado inasomeka.

Nimeandika haya kwa kuwa kamati ile haikuniuliza, nami naona umri wangu hauniruhusu kungoja kamati nyingine. Dereva wetu hakuwa mzembe. Mzembe alikuwa ofisini, akiwa macho, na kalamu mkononi.

Kesho Jumatatu, ndugu msomaji, mahali fulani katika mji wetu kijana atawekewa mbele karatasi ya safari ya haraka. Ikiwa kijana huyo ni wewe, kabla ya kutia saini mtazame dereva usoni, umuulize jana alimaliza kazi saa ngapi, kisha usubiri jibu lake. Ukiona hafai kwenda, mwite yule mgomvi.